Jina la Kutaja Kwenye Pipa

Kijijini kwetu supu ya kuku tunaiita zama, na zama haipikwi bila borshi, yale maji makali ya pumba, na borshi haichachi bila jina la mwanamke mkali. Hilo halina ubishi. Unaweka pumba za ngano kwenye pipa la mbao, unatia kipande cha mkate mkavu, kitawi cha mcheri na kikombe cha chachu ya pipa lililopita, unamwagia maji ya moto. Kabla hujafunika, unainama kwenye mdomo wa pipa unataja jina la mwanamke mwenye ulimi mkali kuliko wote kijijini. Pipa likilisikia linashtuka. Zikipita siku kadhaa maji yamekuwa makali, unayatia kwenye supu, na hata mgonjwa wa mafua anainuka kitandani kuuliza ugali uko wapi.

Jina lenyewe lilikuwa Axenia.

Axenia ni jirani yangu, mjane, tumetenganishwa na uzio wa fito. Padri alipokuja kwake na ndoo ya maji ya baraka baada ya sikukuu ya Ubatizo, alimwambia, "Baba, nyunyiza kidogo tu, nimeshapiga deki." Meya alipokuja kuomba kura kwa ahadi ya barabara, alimwambia, "Mheshimiwa, hata tope limezeeka likikungoja." Na mimi mwenyewe ameniambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Nayakumbuka yote, moja baada ya jingine, pamoja na nguo aliyokuwa amevaa, lakini nimesamehe. Mimi ni mtu mvumilivu, kila mtu anajua.

Basi baridi hii jiko la Axenia likaanza kutoa moshi ndani, akamwita mzee Ilarion. Ilarion ni fundi wa majiko ya matofali, mgane, mtu mpole, sharubu zake anazichana kuliko anavyochana nywele. Alilitengeneza jiko. Kesho yake akarudi kuangalia kama linavuta. Keshokutwa akarudi kuangalia kama aliangalia vizuri. Jiko halitazamwi kiasi hicho, labda liwe na macho mazuri. Mara nikamwona asubuhi anazoa theluji langoni kwa Axenia, na langoni kwangu, hatua chache tu kutoka pale, theluji imefika magotini. Nilikohoa tu, kwa sauti.

Halafu Axenia akatokea uani, akaniona.

"Habari za asubuhi, Tecla. Umelalaje, mpenzi?"

Nilishika uzio nisianguke.

Kumbe si mimi peke yangu. Alimsalimia mwenye duka. Alimwambia mke wa padri kuwa ana sauti nzuri, mwanamke ambaye akiimba kanisani mbwa wa kijiji kizima wanamwitikia. Siku si nyingi ikatangazwa kuwa Ilarion na Axenia watafunga ndoa kabla ya mfungo. Axenia ana miaka sitini na saba. Akanunua kofia nyekundu.

Hapo ndipo borshi zilipogoma kuchacha.

Ya kwanza kugoma ilikuwa ya Parascovia, mke wa meya. Parascovia amejenga jiko jipya la wageni, vigae vyeupe toka sakafuni mpaka darini, na ndani yake hakipikwi kitu wala hauwashwi moto, masizi yasije yakachafua. Wanapika kwenye kibanda cha nyuma kama sisi wengine. Lakini pipa la borshi alilihamishia humo, akisema pipa la nyumba ya meya haliwezi kukaa nyuma ya tanuri kama la mtu yeyote. Wanawake walipoliona limekaa juu ya vigae kama sanamu ya mtakatifu, nao wakayahamishia yao sebuleni, kando ya kabati la vyombo, ambako hukai hata dakika bila koti. Na wote wakafunua vifuniko wakakuta maji matamu kama ya kuoshea mtoto.

Ilikuwa imebaki wiki moja tu kufika sikukuu ya Mtakatifu Ioani. Meya wetu anaitwa Ion, kwa hiyo siku hiyo ni yake, na wakubwa wa wilaya huja kunywa divai yake. Asubuhi ya pili lazima wapewe zama kali ya kuwarudishia macho mahali pake. Parascovia akatuita.

"Jina limekwisha nguvu," alisema, ameketi kwenye jiko lake la vigae, mvuke unamtoka mdomoni. "Nimelitaja mara tatu. Pipa halina habari."

"Litakuwaje na habari?" akasema mke wa padri. "Jana kanikumbatia mbele ya watu!"

"Mwanamke anapendwa, haya, apendwe. Lakini sisi tule nini?"

"Tutafute jina jingine," akasema mmoja.

Wakatazamana. Nikawaona wote wanaangalia vikombe vyao. Nikadhani ni kwa sababu hakuna mwingine anayefaa.

"Hapana," akasema Parascovia haraka. "Dawa ni kumkasirisha. Akikasirika, jina litarudi."

Mimi pipa langu lilikuwa nyuma ya tanuri, lilikokaa tangu enzi za mama mkwe, na lilikuwa limechacha vizuri kabisa. Nikaona si adabu kujisifu mbele ya watu wenye shida. Labda lilikuwa halijapata habari za Axenia. Na divai ya Parascovia haikuwa mbaya.

Alianza Parascovia mwenyewe. Alimsimamisha Axenia mbele ya kanisa.

"Axenia, kofia hiyo inakufanya ufanane na kabichi iliyochemshwa."

"Wewe nawe!" Axenia akacheka. "Ilarion kaniambia hivyo hivyo. Tumecheka mpaka chai imetupalia."

Wakamfungulia kuku wakaenea barabarani. Akashukuru, akasema walihitaji kunyoosha miguu. Mke wa padri akamwambia kwamba bwana harusi anataka nyumba yake tu. Akajibu, "Kama ni nyumba, angetaka yako, ina paa zima."

"Umesikia hiyo?" Parascovia aliuliza kwa tumaini. Wakakimbia kufunua mapipa. Wapi.

Basi wakamwendea Ilarion. Parascovia alimweleza kila kitu: kwamba mchumba wake ndiye jina la kuchachushia borshi, kwamba nyumba zote zinalitaja kwenye mapipa, kwamba mtu akiingia kwa mwanamke yule atatoka amechacha. Sasa Ilarion haogopi moto wala kupanda paa lenye barafu, ila anaogopa kitu kimoja, kuchekwa. Na jioni ile ile wanaume kwenye ghala la divai wakaanza.

"Ilarion, umeshachacha au bado?"

"Msogelee umnuse!"

"Mtie pumba, mfunike!"

Kesho yake hakuonekana. Akatuma watu waseme ana mafua. Theluji ikaanguka usiku na mchana, ikaziba lango la Axenia mpaka kwenye komeo, na hakuna mtu aliyekuja kuizoa.

Wanawake walingoja mayowe. Nami nilingoja, nimekaa dirishani na kitambaa cha kufuma. Lakini Axenia hakupiga kelele, hakutukana, hakuvunja hata sahani. Moshi wa bomba lake ukawa mwembamba, kofia nyekundu haikutoka tena nje. Aliponiona dirishani aliniinamishia kichwa tu, kama mtu anavyoinamisha kwenye msiba. Miaka yote nimeishi na ulimi wa Axenia, lakini kimya chake sikuweza kukaa nacho siku mbili. Nikatia mikate ya kabichi kwenye kikapu, nikapita kwenye pengo la uzio.

Alikuwa ameketi mbele ya lile jiko lake jipya.

"Anaumwa sana?" aliniuliza.

"Anaumwa woga," nikamwambia. Nikamweleza yote. Jina, mapipa, jiko la vigae, kabichi iliyochemshwa, ghala la divai.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Miaka yote hiyo? Nyumba zote?"

"Zote."

"Na pipa lako?"

"Sasa shoga, mimi ni jirani yako wa karibu. Ningekutenga?"

Nikasogeza kiti karibu na mlango, kwa tahadhari. Lakini Axenia alianza kutikisika mabega, nikadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kilemba. Kisha akasimama, akachukua kisu ukutani.

"Twende bandani ukanishikie kuku."

Alichagua yule mzee mwenye shingo nene, aliyekwisha kutaga mayai yake yote. Zama haitaki kuku wa dukani aliyekufa bado mtoto, inataka kuku wa kienyeji mwenye mafuta ya manjano na historia. Alimtia kwenye maji baridi, moto mdogo, akakaa na mwiko anatoa povu, mpaka supu ikawa angavu, ungeweza kusoma maandishi chini ya sufuria. Akatia kitunguu kizima na ganda lake, karoti, mzizi wa selari, pilipili hoho nyekundu iliyokaushwa. Mimi nikasukuma unga kwa mayai, nikakata tambi nyembamba.

"Nyembamba zaidi, Tecla. Hizo ni kamba za viatu."

Nilifurahi kusikia hivyo, sijui kwa nini.

Mwisho akafunua pipa lake, lililokaa kwenye pembe yenye joto, nalo harufu yake ikanipiga puani. Kali! Akatia bakuli zima, ikachemka mara moja, akatupia majani ya leushtean, mmea wenye harufu kama ya selari, ambayo bila hayo ungekuwa umechemsha manyoya tu. Nje kulikuwa kweupe na kijivu, na ndani ya sufuria ile kulikuwa na jua la mwezi wa saba limelala na vipande vya karoti.

Akavaa kofia nyekundu. "Shika mkono ule wa sufuria," akaniambia.

Tukaibeba sufuria katikati ya kijiji, yeye mkono mmoja, mimi mwingine, kifuniko ameshakiacha nyumbani makusudi. Mapazia yalisogea nyumba hadi nyumba. Mbele ya ghala la divai wanaume walinyamaza wakanusa.

Ilarion alikuwa kitandani, skafu shingoni, anakohoa kikohozi cha mtu mwenye afya nzuri.

"Sikuja kukubembeleza," Axenia alimwambia. "Umesema una mafua, na mwenye mafua hunywa zama. Kunywa. Ukimaliza, useme unataka nini, nami nitajua kama nirudishe kofia dukani."

Ilarion alikunywa kijiko kimoja. Machozi yakamtoka. Akanywa cha pili, akavua skafu. Cha tatu, jasho likamdondokea kwenye sharubu.

"Mama wee," akasema. "Hii ina jina ndani yake."

"Inalo."

"Lako?"

"Nina wazimu nijitaje mwenyewe kwenye pipa langu?" Axenia akageuka, akaninyooshea mwiko. "Tangu nimeingia kijiji hiki bi harusi, namtaja huyu hapa. Hajawahi kuniangusha."

Nilikuwa bado nimeshika mkono wa sufuria.

Ilarion alinitazama, akatazama bakuli, akanitazama tena. Kisha akacheka, kicheko cha tumbo, mpaka kitanda kikalia. "Kwa hiyo," akasema, "watanicheka nikiwa na zama, au watanicheka nikiwa sina."

"Ndiyo hivyo," akasema Axenia.

"Basi niongezee tambi."

Asubuhi iliyofuata alikuwa langoni kwa Axenia na koleo, anazoa theluji na kupiga mluzi, na wanaume waliopita wakimtania aliwatupia theluji miguuni. Harusi waliifunga kabla ya mfungo kama walivyosema.

Habari ya jina ilifika kwa Parascovia kabla mimi sijafika nyumbani kwangu. Usiku huo baridi ilizidi, bomba la maji likapasuka kwenye jiko la vigae, ikabidi pipa lipelekwe kibandani nyuma ya tanuri. Aliinama akataja jina jipya. Borshi ikachacha vizuri ajabu. Wakubwa wa wilaya walikunywa zama wakaomba tena, na wanawake wengine, walipomwona amelirudisha pipa nyuma ya tanuri, nao wakayarudisha yao, wakataja kama alivyotaja yeye, zikachacha zote. Kijiji kizima sasa kinasema kwamba tatizo lilikuwa jina.

Mimi nimenyamaza. Nikipita madirishani nasikia watu wanafunika mapipa haraka haraka. Sikasiriki. Mtu mvumilivu hakasiriki.

Jumapili Parascovia alinishika mkono nje ya kanisa, amenunua kofia mpya, ya kijani.

"Tecla mpenzi," akaniambia, "nakuomba kitu kimoja tu. Usije ukabadilika. Angalau mpaka Pasaka."

Nikamwambia kofia hiyo inamfanya afanane na kabichi, tena hii hata haijachemshwa.

Alinibusu mashavu yote mawili, akakimbia nyumbani kutazama pipa.