Koti la Baba Hafsa

Wewe umewahi kumwona mtani akivaa koti la marehemu? Kama hujaona, basi hukukulia kwetu. Hapa Lindi mtu akifa, ndugu wanalia na watani wanacheka. Watazuia jeneza mlangoni mpaka wapewe chochote, watajilaza pale alipolala maiti, watasema wafiwa wanafurahia urithi. Wewe mfiwa huna ruhusa ya kukasirika. Mtani hakasirikiwi. Anajibiwa.

Mume wangu, Mzee Abdurahmani, alipofariki, mtani aliyekuja alikuwa Salima, muuza samaki wa kukaanga hapa Mtanda. Siku ya hitma wanawake tulikuwa ukumbini, mimi pembeni kwenye mkeka, nimeanza eda, kanga imenifunika mpaka kwenye nyusi. Nyuma ya nyumba sufuria za pilau zilikuwa zimepaliwa makaa juu ya mifuniko. Mara Salima akatokea chumbani kwangu amevaa koti jeusi la mume wangu, lile la kupokelea wageni wa serikali. Tai juu ya gauni, miwani puani, mikono nyuma.

"Mabibi," akasema kwa sauti nzito, "nimesikia vilio. Je, kila upande umesikilizwa?"

Watu wakaangukiana kwa kicheko. Ndiye hasa!

Maana mume wangu alikuwa mwanadiplomasia. Mtoto wa wakulima wa korosho wa Kiranjeranje, kijiji kimoja na kwetu, akasoma, serikali ikamchukua kwenye mambo ya nje, tukawa tunahama ubalozi huu kwenda ule kama watu wa nyumba za kupanga. Alipostaafu tukajenga hapa Mtanda. Hakuwa mtu wa makuu. Mihogo aliipalilia amevaa shati la mikono mirefu, limepigwa pasi. Ijumaa baada ya swala anawakusanya wajukuu, anakipaka kisu mafuta ya nazi ili ulimbo usigande, anapasua fenesi na kuwagawia sawa kwa sawa, asinung'unike mtu. Majirani wakigombea kuku, wanakuja kwake. Hakunipandishia sauti mimi wala watoto. Na neno "hapana" sikulisikia kinywani mwake. Jambo likimshinda alisema, "Tutalizungumza."

Salima alilijua sana neno hilo. Jirani yetu Devota akamchokoza:

"Mzee, jogoo wako kaparua mchicha wangu tena. Nimchinje?"

Salima akatoa leso mfukoni, akaikunja mara nne, akafuta miwani taratibu.

"Jogoo naye ana hoja yake. Tutalizungumza."

Hata mimi nilicheka ndani ya kanga.

"Na wewe Devota, umekuja msibani au umefuata pilau?"

"Nimefuata pilau, mzee! Wewe si umeshakufa, utaila?"

Ukumbi mzima hoi. Ndipo Salima akanigeukia mimi. "Mama Hafsa, mke wangu, mbona umejikunyata hivyo? Njoo unimiminie chai."

Hapo kicheko kikanikatika. Sikiliza kwa nini.

Hafsa ni mwanangu wa pili. Wa kwanza alikuwa Ridhiwani, na zamani mimi niliitwa Mama Ridhiwani, kama ilivyo desturi. Tulikuwa nchi moja ya baridi huko Ulaya. Alikuwa ameanza shule, meno ya mbele yameng'oka, anapenda kuchora kwa kidole kwenye kioo cha dirisha kikifanya ukungu. Homa ya mapafu ikamchukua. Akazikwa kule kule, katika mvua nyembamba isiyo na mshindo, udongo unang'ang'ania viatu. Pale pale kaburini nikamwambia mume wangu tufanye kila njia tumrudishe nyumbani. Watanzania wengine waliofia kule, yeye ndiye aliyesimamia miili yao isafirishwe, na mimi niliwapikia wafiwa chai sebuleni kwetu. Akanishika bega. "Tutalizungumza."

Tuliporudi nchini akaanza kuniita Mama Hafsa. Nadhani aliona ananipunguzia. Watu wa huku wakamfuata, jina la kwanza likafa. Kila nilipouliza, hata nilipoomba kwenda kulitazama kaburi tu, jibu lilikuwa lile lile, kwa upole ule ule, huku ananimiminia chai. Nami nikangoja. Mtu akikwambia mtazungumza, unakaa umejiweka tayari, kama aliyevaa nguo za safari.

Mwaka jana Hafsa alipelekwa kule na kazi yake, akaenda makaburini. Akakuta jiwe lina jina la mtu mwingine. Pale kaburi lina muda wake, ukipita bila wenyewe kutokea anawekwa mwingine. Alipopiga simu kutueleza, baba yake alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akatoka uani. Nikamfuata. Nilimkuta anapaka kisu mafuta. Haikuwa Ijumaa, na fenesi hapakuwa nalo.

"Baba Hafsa," nikasema.

"Tutalizungumza," akasema, na mkono haukuacha kupaka.

Kabla ya Ramadhani alianguka maliwatoni, hakuamka tena.

Sasa Salima amesimama mbele yangu, anangoja nimjibu.

"Mimi si Mama Hafsa," nikasema. "Niite jina langu la kwanza."

"Heee! Mjane naye kawa mtani!" Devota akapiga makofi, wenzake wakacheka. Hafsa peke yake hakucheka. Aliliweka sinia la vikombe chini polepole.

"Jina gani tena, mke wangu?" Salima akauliza, bado kwa sauti nzito.

"Mama Ridhiwani."

Akatazama huku na huku. Jina hilo hakulijua, hakuna aliyekuwa amemwambia. Lakini mtani hakubali kukosa neno. Akaishika leso, akaikunja mara nne.

"Jambo hilo... tutalizungumza."

Nikainuka mkekani. Magoti yangu mabovu, lakini yaliniinua. Nikalishika koti kwenye kola kwa mikono miwili. Lilikuwa bado na harufu ya sabuni ya mche na karafuu alizokuwa akitafuna.

"Lini, Abdurahmani? Kaburi la mtoto halipo tena. Na wewe hupo."



"Mama," Salima akaninong'oneza kwa sauti yake mwenyewe, "ni mimi. Salima."

"Najua ni wewe. Usilivue. Kaa hivyo hivyo."

Akakaa hivyo hivyo, miwani imemteremka puani, machozi yanamtoka. Nje mtu alikuwa anakwangua ukoko wa pilau. Mimi nikaliambia lile koti:

"Nilitaka mwanangu alale Kiranjeranje, karibu na mama yangu. Na kama ulikuwa huwezi, nilitaka uniambie kwamba huwezi."