Eriali ya Moris ya Mzee Mbarak

Siku ya nne Mzee Mbarak hakutia kitu kinywani ila maji. Alikaa nyuma ya usukani wa Moris yake kuukuu, uani kwake Mtongwe, mkono wa kulia umelala pajani kama si wake. Tangu apooze, mwanzoni mwa mwaka ule wa themanini na saba, ulimi haukumrudia, na chakula alikila humo garini tu, redio ikisema. Kisha, siku nne nyuma, tawi la mkorosho likaanguka likavunja eriali, redio ikanyamaza. Tima, bintiye, alimletea redio ya mkono. Mzee aliisukuma ikaanguka chini. Nesi akasema akiendelea hivi, wiki haimalizi.

Asubuhi Tima alivuka hadi Magongo, kwa muuza vipuri vya magari ya zamani. Alionyeshwa eriali tatu. Ya kwanza ilijiinua kwa mota, na mota ile nene haingeingia chini ya madigadi. Ya pili ilikuwa ya kubandika kiooni, waya wake mfupi. Ya tatu ilivutwa kwa mkono. Akapima kitako chake kwa kidole gumba, kidole kile kile alichopimia tundu la Moris.

"Hii," akasema.

Adhuhuri Masha aliifunga. Alikuwa fundi aliyefundishwa kazi na huyo huyo mzee. Alimwamkia, akatia mpira mnene chini ya kitako, juu na chini ya bati, rangi isiguswe. Redio ilipowashwa, ikakoroma tu.

"Mbona haisemi?"

"Yataka ishike chuma kitupu, Da Tima. Hapa imekalia mpira na rangi."

"Basi kwaruza."

"Mimi? Rangi hii kaipaka kwa mkono wake. Nilipigwa kofi kwa kuiegemea tu. Nimkwaruzie naye anitazama?"

"Akikupiga kofi leo nitachinja mbuzi," Tima alisema, akanyosha mkono. "Lete msasa."

Akakwaruza mwenyewe. Nyuma ya kioo babake aliguna, akagonga dashibodi kwa mkono wa kushoto, tena na tena. Tima hakuinua macho. Unga wa kijani ulimjaa vidoleni. Aliwaza kwamba babake akifa leo, hili ndilo la mwisho alilomwona mwanawe akimtendea.

Masha akaondoa mpira, akakaza nati. Redio ikaanza kusoma hali ya hewa, kila neno safi.

Tima akaja na bakuli la uji. Mzee akafumba midomo, akageuza uso. Chozi lilimshuka hadi kidevuni.

"Baba, yasema. Sikiza. Kula, wallahi nakuomba."

Mkono wa kushoto ukainuka. Tima alidhani atapiga kijiko. Kidole kikanyooka kuelekea madigadi, kisha kikasuguana na gumba, polepole, kama mtu apakaye kitu.

Tima akatazama chuma kile kilichobaki kitupu, na upepo wa bahari wenye chumvi, uletao kutu, ukipita juu yake. Akachota grisi kwenye kopo la Masha, akapaka kuzunguka kitako. Macho ya mzee yakafuata kila mpapaso.

Akajifuta kwa leso, akarudi. Midomo ikafunguka. Uji nusu ulimwagika, nusu ukashuka. Kijiko cha pili. Cha tatu.

Kidole kikainuka tena. Upande wa nyuma wa kitako Tima alikuwa ameusahau.

Tima akaliweka bakuli kitini, akaenda kupaka.