Kikao cha Kupunguza Bei ya Kitanda

Mawese yalipouzika vizuri, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, Klementina alimwambia mumewe kuwa wakati wa kununua kitanda cha mbao umefika. Watoto walikuwa wameshahamia kwao, na kile cha kamba walichokilalia tangu arusi kilibonyea katikati, kikiwagonganisha usiku kucha. Wakatoka Mwandiga alfajiri kwa miguu kwenda Ujiji. Njiani Klementina alimuusia Nikodemu jambo moja tu.

"Ukikipenda, nyamaza."

Maseremala wa Ujiji walikuwa wameungana kwa ushirika, wakifanya kazi kwenye banda moja karibu na soko. "Mwakeye," Nikodemu aliwaamkia, na kabla hawajaitikia akakiona kitanda cha mninga kando ya ukuta. Akakipapasa ubao wa kichwani.

"Loo! Mama Anatoli, njoo uone kazi ya watu! Mbao zimeungana kama zilizaliwa pamoja!"

Klementina alifumba macho.

"Shilingi mia na ishirini," alisema Mwinshehe, mwenyekiti wao, mzee aliyevaa kofia iliyojaa vumbi la mbao.

"Themanini."

"Mama, ingekuwa mali yangu tungeelewana. Lakini bei hii imepangwa na kikao. Siwezi kuigusa peke yangu."

"Na hao wa kikao wako wapi?"

Mwinshehe akawaonyesha wenzake waliokuwa wakipiga randa.

"Basi kaeni." Klementina akavuta kigoda, akaketi. "Mimi nasubiri."

Mafundi wakatazamana. Katibu wao, Bonifasi, akaanza kucheka, akaweka randa chini, na wengine wakamfuata. Kikao kikafunguliwa palepale kwenye maranda. Klementina akapewa nafasi ya kusema, naye hakuipoteza: mguu mmoja umekaa upande, ubao una jicho, rangi haijakolea. Bonifasi alisimama kujibu. Mguu ni mzima, alisema, sakafu ndiyo yenye shimo.

"Ndugu Nikodemu naye aseme," Mwinshehe akaagiza. "Ameona kasoro gani?"

Wakageuka. Nikodemu alikuwa amevua viatu, amevipanga chini vizuri, na amejinyoosha juu ya kitanda akikoroma.

Klementina aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Aliinuka amtikise, lakini mtu mmoja alishaingia kutoka barabarani. Alikuwa Oswald, mfanyakazi wa reli, aliyekuja kuulizia meza.

"Huyu amezimia?"

"Amelala," Klementina akasema kwa unyonge. "Tumetembea tangu alfajiri."

"Kwenye chaga tupu? Bila godoro? Na kelele zote hizi?" Oswald akakisukuma kitanda kwa goti. Hakikulia wala kuyumba, na Nikodemu hakushtuka. "Meza itangoja. Nitengenezeeni kitanda kama hiki. Binti yangu anaolewa baada ya Pasaka." Akatoa arubuni papo hapo.

Alipoondoka, mafundi walisogeleana wakanong'onezana. Kisha Mwinshehe akakohoa.

"Kikao kimeamua tisini. Ni kwa sababu ya mumeo."

"Nimekubali. Ngoja nimwamshe."

"Mwache kwanza, mama," Mwinshehe akasema haraka. "Watu wa sokoni hawajaisha."

Klementina akarudi kwenye kigoda. Akanunua karanga, akazitafuna polepole huku wapita njia wakichungulia, na kila aliyeuliza alimjibu kwamba ndiyo, ni mume wake, na ndiyo, kitanda ni imara kweli.

Mchana walipata lori lililokuwa likienda Mwandiga kupakia mawese. Mafundi wakawapakilia kitanda, nao wakakaa juu yake.

"Walipunguza?" Nikodemu akauliza.

"Walipunguza."

"Nilijua. Ni watu wema wale."

Klementina alimtazama, akataka kusema kitu, akashindwa kwa kicheko. Nikodemu naye akacheka bila kujua sababu. Lori likapanda mlima, ziwa likang'aa nyuma yao, na kila gurudumu lilipoingia shimoni walishikana mikono wasianguke.