Kimeng'enya cha Gloire

Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu Colombe afute ukurasa wa dalili za ugonjwa katika kazi yake ya kumaliza chuo, na tangu siku hiyo usingizi ulimjia kwa vipande.

Jumapili ile, baada ya misa, familia ilikaa sebuleni kwao Kadutu kumsikiliza. Ndivyo walivyomfanyia kila mtoto wa nyumba ile aliyefika mwisho wa chuo: siku chache kabla ya soutenance, yaani kuitetea kazi yake mbele ya wakubwa wa chuo, watu wa nyumbani waligeuka kuwa jury ya kumhoji. Baba yake, Papa Modeste, alivaa koti na kukaa katikati kama mwenyekiti. Xavier, mume wa dada yake, alijipa kazi ya kuuliza maswali magumu, akatangaza kwamba mwanafunzi akishindwa ataosha sahani zote za mchana. Dada mwenyewe, Adolphine, fundi wa nguo, ambaye Colombe humwita yaya kama mdogo anavyomwita dada mkubwa, alikaa karibu na dirisha akimnyonyesha Gloire.

Gloire alikuwa na miezi minne. Alikuja baada ya mimba tatu zilizotoka na miaka saba ya kungoja. Kila aliyeingia alisifu macho yake marefu na nyusi zake zilizopinda kama zimechorwa. Colombe pia alizisifu, mpaka aliposoma zile dalili.

Kazi yake ilihusu kimeng'enya kimoja cha mwili wa binadamu, kiitwacho KMT2D. Hakuwa na maabara ya kukipima, hivyo alisoma maandishi ya wengine na kutazama umbo lake kwenye kompyuta ya maktaba. Leo alieleza kwa vitu vya dada yake. Uzi, alisema akiinua bobini, ni ADN, yenye maagizo ya kumjenga mtu. Ni mrefu mno, ndiyo maana umezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni. Ukikazwa sana hausomeki. Lakini kila histoni ina mkia unaochomoza nje, na kimeng'enya hiki hubandika alama ndogo, metili, mahali pamoja maalumu pa mkia huo. Ni kama fundi anavyotia chaki kwenye kitambaa: hapa pafunguliwe, pasomwe. Chenyewe ni kirefu ajabu, zaidi ya asidi amino elfu tano, na sehemu inayobandika alama ni ndogo tu, iko mwishoni kabisa, ina kijishimo ambamo mkia wa histoni huingia na kukaa sawasawa. Sehemu nyingine hukisaidia kushikana na protini nyingine na kufika panapotakiwa.

Alisema haraka, macho sakafuni. Papa Modeste alitabasamu kama mtu aliyeelewa yote. Xavier akainua kidole.

"Mademoiselle, na kama ule mukono wa kutia chaki umeharibika toka tumboni mwa mama? Mutoto anazaliwa namna gani?"

Colombe alijua kwamba wakubwa wa chuo wangemuuliza hivyo. Hakutegemea kuulizwa na baba wa Gloire, tena akicheka. Bila kutaka, akamtazama mtoto. Alikuwa ameacha titi tena, jasho limejaa kwenye paji la uso, mbavu zikipanda na kushuka upesi. Adolphine alisema kila mara kwamba ni joto. Lakini mvua ilinyesha tangu asubuhi, na kila mtu alikuwa na sweta.

Angeweza kujibu kwamba sehemu hiyo haijakamilika. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Akisema na kumbe amekosea, atakuwa amemharibia dada yake furaha ya mtoto huyu mmoja. Asiposema na kumbe hajakosea, basi ule moyo mdogo utaendelea kuhangaika mbele yao wote, wakimsifia mtoto macho.

"Macho yanakuwa marefu," alisema, kwa sauti iliyosikika kwa shida. "Nyusi zinapinda, upande wa nje zinakuwa nyepesi. Ncha za vidole zinabaki zimevimba kama mito midogo, vile zilikuwa tumboni. Mutoto ananyonya kwa shida. Na mara nyingi moyo..."

Adolphine alifungua kiganja cha Gloire, akapitisha kidole gumba juu ya ncha za vidole, kimoja baada ya kingine, polepole.

"Toka lini unajua?"

"Yaya, sijui. Mimi si munganga. Kuna watoto wana macho kama haya na hawana kitu."

"Nimeuliza toka lini."

"Wiki tatu."

Xavier alianza kusema kwamba vitabu vinawatia watu magonjwa, kisha akainama kutazama mbavu za mtoto. Adolphine hakupiga kelele.

"Wiki tatu niko namugombeza juu ya kukataa titi," alisema. "Na wewe uko unatuangalia."

Waliteremka hospitali kwa pikipiki mbili, Gloire akiwa amefunikwa kifuani mwa mama yake. Docteur Placide, aliyekuwa zamu, alimsikiliza Colombe hadi mwisho. Kisha akashika mapigo ya mtoto mkononi, akashika kinenani, akarudi mkononi, akarudi tena kinenani na kukaa hapo muda mrefu. Colombe alijua anatafuta mapigo ya chini, akaomba ayapate. Daktari akavuta karibu mashine ya kutazama moyo.

Alipomaliza alizungumza na Colombe kwa Kifaransa, kwa sauti ya chini. Adolphine alimshika mdogo wake mkono juu ya kiwiko, vidole vikauma.

"Anasema nini? Sema yote."

Colombe akasema yote. Mshipa mkubwa unaotoka moyoni umebanwa mahali, damu inafika chini kwa shida. Dawa zinaanza leo. Operesheni inahitajika, na huenda wakapelekwa mbali. Kuhusu kimeng'enya, damu itatumwa nje ya nchi na jibu litachukua miezi, lakini moyo haungoji jibu hilo.

"Atapona?"

"Sijui, yaya."

Adolphine alitikisa kichwa kidogo, akamgeukia muuguzi aliyekuwa akitafuta mshipa wa kuwekea dawa. Colombe aliingiza mkono chini ya shuka na kushika miguu ya Gloire. Ilikuwa baridi. Akaifumbata kwa viganja vyote viwili, akawa anaipulizia pumzi.