Sketi ya Safari ya Mama

Niliiuza mimi, Xua, kwa mkono wangu. Wasije wakasema wageni waliiba.

Nilikuwa nimeianika uani, kama tunavyofanya kila mwaka mvua zikiisha, nondo wasiitafune. Ilikuwa sketi ya katani ya mama mkwe wangu, ya kuzikwa nayo, aliyoifuma na kuitarizi mwenyewe kwa miaka miwili. Kwetu Wahmong, watu wa milimani, maiti havikwi kitambaa cha dukani. Wahenga huwatambua watu wao kwa mshono, na asiyetambuliwa hubaki nje.

Mgeni mmoja, mwanamke wa mjini huko bondeni, alikuwa amelala kwetu siku mbili akipiga picha matuta ya mpunga, nyati wa kulimia na sisi. Akaishika ile sketi, asiiachie. Nikajiambia Mama bado ana nguvu, katani itapandwa tena, atafuma nyingine. Ukweli ni kwamba nilitaka mabati. Nilichoka kuamka na blanketi lililoloa.

Katani haikupandwa. Baridi ilipoingia Mama alianguka jikoni, akalazwa karibu na moto, macho yamefifia.

"Xua, niletee sketi yangu niishike."

"Nimeianika, Mama."

"Kwenye ukungu huu? Unaanika au unaloweka?"

Mume wangu, Pao, akampigia simu yule mgeni kuiomba. Jibu likaja kwa picha: mito minne kwenye kochi, imeshonewa foronya za sketi ya Mama, paka amelala juu ya mmoja. Akaandika kwamba kila anayemtembelea anaisifia. Pao alitoka akapasua kuni mpaka mikono ikamvimba. Heri angenitukana.

Nikafungua sanduku langu. Nami ninayo yangu, mama yangu mzazi aliniandalia nilipoolewa. Nikaiweka mikononi mwa Mama. Vidole vyake vikatembea kwenye pindo, vikarudi, vikasimama.

"Huu mkono wa mama yako," akasema.

Nikalia, nikamwambia yote, hadi habari ya mito.

Akaivuta sketi hadi kifuani. "Mabati hayavuji?"

"Hayavuji, Mama."

"Afadhali. Basi nivike hiyo hiyo. Lakini nikifika watanipeleka kwa watu wa kwenu. Na mzee wangu yuko upande wa pili, mwaka wa kumi na tisa huu ananingoja."

Alikufa siku ya tatu. Mwimba njia alikaa kando ya maiti akamwongoza kwa wimbo, kijiji baada ya kijiji, kurudi alikozaliwa, kisha hadi mlangoni kwa wahenga wa mumewe. Akamwambia aoneshe nguo yake, wamjue. Mimi nilikuwa naliangalia lile pindo la mama yangu, nikaona aibu.

Nje mvua ilikuwa ikipiga mabati. Hakuna tone lililomwangukia.