Kondoo wa Nadhiri ya Piruza

Asubuhi ya sikukuu ya Mihri, Piruza alimwosha kondoo wake kwato, akamlisha maganda ya komamanga, kisha akamkabidhi shemeji yake Shahriyar kamba. Alikuwa amemlea tangu akiwa mdogo na kumwekea nadhiri kwa ajili ya roho ya marehemu mumewe, Turk. Katika vijiji hivi vya Yazdi, kuhani huomba kwa jina analotajiwa na mwanamume aliyeshika kamba, na thawabu humwendea aliyetajwa. Shahriyar alipaswa kumtaja kaka yake. Akajitaja mwenyewe, maana alikuwa na duka la kufungua Bombay.

Kondoo akachinjwa, akaokwa mzima. Mbwa wa kijiji akapewa sehemu yake ya kwanza kama ilivyo haki yake, watu wakala, kuhani akachukua paja na ngozi. Piruza alipoambiwa jina lililotajwa, alilia. Turk angekaa huko aliko mikono mitupu.

Magharibi kondoo akarudi. Alisukuma mlango kwa kichwa kama kawaida yake, shingoni ana kovu, manyoya yananuka moshi wa tanuri, akaanza kula majani. Piruza akamwekea maji.

Kuhani alikuja kumtazama. Alieleza kwamba Mihri ni mlinzi wa ahadi, na cha ahadi iliyovunjwa hapokei. Achinjwe tena, atajwe Turk, mambo yaishe.

"Halafu hatarudi?" Shahriyar akauliza.

"Hatarudi."

Wanaume waliojaa uani wakatazamana. Kabla ya sikukuu hiyo, nyama waliionja mara ya mwisho siku ya Nairuzi, mwaka mpya.

Kesho yake Shahriyar akaja na kamba, akajitaja tena. Kondoo akaliwa, akarudi. Baridi ilipoingia, kijiji kizima kilikuwa kimenawiri. Mbwa alinenepa hata kubweka akaona kazi. Ghala la kuhani lilijaa ngozi, zote zina baka jeusi ubavu wa kushoto.

Piruza aliomba ashike kamba mwenyewe. Wakamcheka kwa upole, wakamuuliza tangu lini mwanamke akashika.

"Basi wewe, shemeji, mtaje ndugu yako. Mara moja tu."

"Nitamtaja, shemeji. Watoto wa watu wavuke baridi kwanza. Turk mwenyewe si unamjua? Hana haraka yule."

Baridi ikapita. Siku za mwisho wa mwaka, kabla ya Nairuzi, marehemu waliporudi majumbani mwao kama kila mwaka, Turk naye akaja, akaketi zizini juu ya majani.

"Kondoo wangu bado?"

"Bado," Piruza akasema.

Turk akampapasa kondoo lile kovu. Walikuwa wamekaa hivyo, watatu, Shahriyar alipoingia. Alimwamkia kaka yake kwa adabu, akamuuliza habari za huko, kisha akamwomba asogee kidogo, maana alikuwa ameikalia kamba.

Turk akasogea.