Mwendo wa Kweli wa Bembea

Nyumbani waliniita Nguzo. Mgeni akisikia hudhani nasifiwa, kwamba mimi ndiye ninayeibeba familia. Wapi! Jina hilo nilipewa nikiwa na miaka tisa, na maana yake ni moja tu: yule aliyesimama kama nguzo huku mdogo wake anauawa na bembea.

Kwa hiyo kaka yangu alipoingia kwenye karakana yangu siku ile, amekumbatia projekta ya marehemu baba iliyofungwa kwenye shuka pamoja na kopo la filamu, sikumkaribisha kiti.

"Mama anataka kuiona ile filamu," alisema. "Jicho la kushoto limeshaenda. La kulia, daktari anasema ni suala la wiki tu. Anataka kumwona mtoto kwa mara ya mwisho."

"Mafundi wamekwisha mjini?"

"Wa hizi mashine umebaki wewe peke yako. Usinipigishe magoti, Nguzo."

Alisema kweli. Kazi yangu ni projekta za nyumbani, zile ndogo za kizamani, na ugonjwa wake mkubwa ni mwendo. Mkanda wa mpira hulegea, grisi huganda, mota huchoka, na watu kwenye picha wakaanza kurukaruka kama wameingiliwa na siafu, au kujikokota kama wametoka kulazwa. Mimi huwarudishia mwendo wao. Nimewarudishia maharusi wa watu, na watoto wa watu, na mbwa wa watu. Filamu ya kwetu sikuwahi kuigusa.

Yenyewe ni fupi, haifiki dakika moja. Baba aliipiga nyuma ya nyumba. Kaka, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, anabembea ameketi juu ya ubao. Mimi nimeegemea ukuta. Nimeambiwa nimwangalie kitinda mimba wetu, wa miaka mitatu. Kitinda mimba anatembea kuelekea kwenye bembea. Nageuza kichwa, namwona, nimesimama. Nimesimama tu. Ubao unarudi na kumpiga kichwani, na picha inaishia hapo. Alifariki kesho yake.

Filamu iliporudi kutoka kusafishwa, baba aliitisha ndugu sebuleni akaionyesha ukutani. Shangazi alihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne. "Sekunde nne!" alisema. "Angefika, akambeba, akarudi, na kamasi akamfuta." Mjomba mmoja tu aliuliza mbona bembea inakwenda kama iko ndani ya maji. Baba akamjibu kwamba filamu za nyumbani ndivyo zilivyo. Hakuna aliyekuwa ameona nyingine ya kulinganisha, basi kesi ikaisha. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni katikati ya miguu yao.

Lile swali la mjomba ndilo lililonifanya fundi, nisidanganye. Nilipoanza kujifunza kazi niliambiwa kwamba kamera nyingi zina kigurudumu cha kuchagua idadi ya picha kwa sekunde. Kawaida ni kumi na sita. Ukipiga kwa thelathini na mbili, kisha ukaonyesha kwa kumi na sita, kila jambo huchukua muda maradufu. Nilishuku tangu siku hiyo. Lakini kushuku si kujua, na filamu ilikuwa kabatini kwa mama, na ufunguo shingoni mwake.

Sasa ilikuwa mezani kwangu. Kaka alipoondoka tu niliitandaza juu ya taa, nikachukua lenzi, nikaanza kuhesabu picha moja moja. Bembea haijui kusema uongo. Abebwe mtu mnene au mwembamba, asukumwe na nani, urefu wa mnyororo ndio unaopanga itachukua muda gani kwenda na kurudi. Kwenye filamu, kwenda na kurudi kulichukua picha tisini na sita. Nilihesabu mara tatu. Kilichobaki ni kujua bembea yenyewe inachukua sekunde ngapi.

Chuma chake bado kipo nyuma ya nyumba ya mama. Wifi yangu, mke wa kaka anayeishi pale, hukitumia kuanikia nguo. Alinikuta pale nimefunga ndoo ya maji kwenye minyororo ileile, naisukuma, saa mkononi.

"Wifi, umekuja kututembelea au kubembeza ndoo?"

"Kubembeza ndoo."

"Haya. Wazima wako wengi hospitali, mgonjwa ndiye huyu yuko nje," alisema, akaondoa shuka zake zisilowe.

Sekunde tatu. Nilirudia mara ishirini, na kila mara sekunde tatu. Picha tisini na sita kwa sekunde tatu ni thelathini na mbili kwa sekunde moja. Zile sekunde nne za shangazi zilikuwa mbili. Nilikaa chini pale pale kwenye matope ya ndoo nikalia, na wifi akaacha utani.

Kuifanya mashine ile ikimbie hivyo haikuwa rahisi, haikuzaliwa na kasi hiyo. Nilikwenda kwa mkereza vyuma akanichongea puli kubwa zaidi, nikabadili mkanda, nikafungua kirekebisha kasi na kukifunga upya. Nilipomaliza, kitufe cha kuzungusha kikiwa kushoto kabisa ulipata mwendo wa zamani, na kulia kabisa mwendo wa kweli. Usiku sikulala vizuri kwa furaha, nakiri. Nilikuwa najiandalia hotuba. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, ndivyo ingeanza. Sikutaka msamaha wa mtu. Nilitaka mama aone kwa lile jicho lake lililobaki, kisha aniambie kwa mdomo wake: hukukosea. Baada ya hapo apofuke akitaka.

Tuliionyesha saa nane mchana. Kaka alifunga mapazia. Mama alikaa karibu kabisa na ukuta, shingo ameinyoosha.

Niligeuza kitufe kulia, nikaanzisha. Bembea ikaenda kama bembea. Kitinda mimba akaingia kwenye picha kutokea chini, utosi kwanza, akikimbilia ubao kwa vile vihatua vyake vya haraka haraka. Mimi pale ukutani nikageuza kichwa, mguu wangu wa kulia ukanyanyuka, na hapo hapo ukuta ukawa mweupe.

"Rudia," kaka alisema.

Nikarudia.

"Ulikuwa umeshaanza kukimbia," alisema. Alikuwa anautazama ukuta, si mimi. "Mbona umeanza kukimbia?"

"Nilianza siku ileile. Nyinyi mlikuwa mnaniangalia polepole." Nikamgeukia mama. Hotuba yote ilikuwa imeniruka. "Mama, umeona? Ni sekunde mbili. Nimepima."

"Nilijua," mama alisema.

Nilidhani hakunielewa.

"Baba yenu aliniambia wiki ileile. Alikizungusha kile kigurudumu cha kamera kusudi, ili bembea ionekane inaelea. Alitaka kuwaambia ndugu kabla hawajaondoka. Mimi ndiye niliyemkataza."

"Kwa nini?"

"Mtoto alipita miguuni pake, mwanangu. Angenyoosha mkono tu angemshika. Jicho lake lilikuwa kwenye kamera. Watu wangejua wewe hukuwa na muda, lawama ingemwangukia yeye, na yeye asingeibeba. Nilimjua mume wangu. Nimzike mtoto na mume kwa mwezi mmoja? Wewe ulikuwa mdogo. Nikasema, mtoto husahau."

"Sikusahau."

"Naona."

Niliona uchungu umenijaa mpaka masikioni. Nilitaka kuipiga teke ile meza, projekta na filamu vyote vilale chini. Miaka arobaini na mitatu nimebeba zigo la mtu mzima, na aliyenitwisha alikuwa ananipikia, ananisuka nywele, ananiita kwa jina lile lile. Baba nilikuwa nimeshamzika. Sikuwa na wa kumfokea ila kikongwe huyu mwenye nusu ya macho. Kaka alijiinamia, mikono kisogoni.

Mama akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wangu, akaushika kwa nguvu. Nikajua sasa linakuja, lile neno langu.

"Irudishe kama zamani," alisema. "Hivi anapita upesi mno, simwoni. Kule kwingine anakaakaa."

"Mama, jamani," kaka alisema. "Muonee mwenzio huruma."

"Nina jicho moja na wiki moja. Nimwonee nani huruma?"

Hakuna ambaye angenilaumu kwa kukataa. Kaka mwenyewe alikuwa ameshanyoosha mkono achomoe waya. Nikamsukuma pembeni, nikairudisha filamu mwanzo, nikageuza kitufe kushoto mpaka kikagoma. Kitinda mimba akaanza kutembea polepole ukutani, mama akimfuata kwa kidole, na nyuma yake mimi nikasimama nikimtazama, sekunde nne kamili.